Jaji asiyefukuzwa anamwogopa nani?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa sheria, mwaka wa pili, hapa Morogoro. Kila mara nasikia kwenye habari kwamba jaji mmoja wa mahakama ya wilaya Marekani amezuia amri ya rais au ya gavana. Jaji huyo huteuliwa na rais, hapigiwi kura na mtu, hafukuzwi, wala hana umri wa kustaafu. Sasa anamwogopa nani? Na maisha yake yanakuwaje tangu anapoapishwa hadi anapoondoka?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nitakujibu kwa kumfuata mtu mmoja, kwa sababu cheo hiki kikisomwa kwenye vifungu vya Katiba peke yake kinafanana na ufalme, na naona ndivyo kilivyokujia. Mtu huyo ni Frank M. Johnson Mdogo, aliyekuwa jaji wa shirikisho mjini Montgomery, Alabama, kuanzia 1955 hadi 1979. Hofu unayoiulizia ipo, ila kwa jaji wa aina yake haikutoka Washington. Ilitoka mtaani kwake. Katiba ya Marekani inamlindia jaji kiti na mshahara. Haimlindii salamu za jirani wala usingizi wa mama yake mzazi.

Tuanze na kiti chenyewe, kwa ufupi. Mahakama ya wilaya ya shirikisho usiichanganye na mahakama ya wilaya ya kwetu, anakokaa hakimu. Kwa hadhi na mamlaka inakaribia Mahakama Kuu. Ziko 94, na Alabama pekee ina tatu: ya Kaskazini, ya Kati na ya Kusini. Humo ndimo kesi za shirikisho zinamoanzia. Mashahidi wanaapishwa, vielelezo vinapokelewa, mshtakiwa anasomewa adhabu yake uso kwa uso. Juu yake ziko mahakama za rufani za kanda, kisha Mahakama ya Juu yenye majaji 9. Majaji wa juu husoma mwenendo wa kesi ulioandikwa. Wa chini ndiye anayemwona shahidi akibabaika.

Rais hupendekeza jina, Baraza la Seneti huthibitisha. Katiba haitaji umri wala hata shahada ya sheria, lakini kwa desturi anayeteuliwa ni wakili wa miaka mingi, mwendesha mashtaka, au jaji wa mahakama za jimbo. Makachero wa FBI hupekua maisha yake. Maseneta wa jimbo lake hupelekewa karatasi ya buluu waseme kama wanamkubali, na desturi hiyo, ambayo haimo katika sheria yoyote, imewahi kuzima ndoto za watu wengi wenye sifa. Akithibitishwa, anakula kiapo cha kutoa haki bila kujali cheo cha mtu, na kumtendea sawa maskini na tajiri. Tangu hapo Ibara ya Tatu ya Katiba inamweka kazini maadamu ana mwenendo mwema, na Bunge haliwezi kumpunguzia mshahara. Mwaka 2024 mshahara huo ulikuwa dola 243,300 kwa mwaka, fedha nyingi kwa mwananchi wa kawaida, lakini mawakili wa kampuni kubwa za New York wanaipita mapema sana katika kazi zao.

Kumwondoa kunawezekana. Baraza la Wawakilishi linamshtaki, Seneti inamhukumu kwa theluthi mbili ya kura. Tangu 1789 majaji wa shirikisho walioshtakiwa kwa njia hiyo ni 15 tu, na walioondolewa ni 8. Mwaka 1805 walijaribu kumwondoa Samuel Chase wa Mahakama ya Juu kwa sababu za kisiasa, Seneti ikakataa. Tokea hapo imeeleweka kwamba jaji haondolewi kwa sababu hukumu yake haikupendwa. Wengi wa waliong'olewa baadaye waliponzwa na mambo kama rushwa, kukwepa kodi au kusema uongo chini ya kiapo.

Sasa Johnson mwenyewe. Alizaliwa 1918 katika kaunti ya Winston, kaskazini mwa Alabama, sehemu ya vilima na mashamba madogo ambayo mwaka 1861 ilikataa kujitenga na Muungano wa majimbo ya Marekani wakati jimbo zima lilipoingia vitani kutetea utumwa. Watu wa huko walibaki Warepublican katika jimbo lililotawaliwa na Wademocrat. Alisoma sheria Chuo Kikuu cha Alabama, na miongoni mwa wanafunzi wenzake alikuwamo kijana mchangamfu aitwaye George Wallace. Shika jina hilo. Johnson akaenda vitani Ulaya, akajeruhiwa Normandy, akarudi kufanya uwakili katika mji mdogo wa Jasper. Mwaka 1953 akateuliwa mwendesha mashtaka mkuu wa shirikisho wa Alabama ya Kaskazini. Mwaka 1955 Rais Eisenhower akamteua kuwa jaji wa wilaya ya Kati. Aliapishwa mwezi wa Novemba akiwa na umri wa miaka 37, na Seneti ikamthibitisha Januari 1956. Alama zote unaziona: chama sahihi kwa rais aliyekuwapo, rekodi safi, umri wa kutosha kukaa muda mrefu. Hakuna aliyemteua ili avunje ubaguzi wa rangi.

Wiki chache baada ya kuapishwa, Rosa Parks, mwanamke mweusi aliyekataa kumpisha mzungu kiti cha basi, alikamatwa Montgomery na mgomo wa mabasi ukaanza. Kesi iliyofika mahakamani haikuwa ya Parks, bali ya wanawake wengine waliokwishaonja udhalimu wa mabasi hayo, akiwamo Claudette Colvin, aliyekamatwa akiwa na miaka 15. Inaitwa Browder dhidi ya Gayle. Kwa sheria ya wakati ule, kesi ya kupinga uhalali wa sheria ya jimbo ilisikilizwa na majaji watatu, mmoja wao kutoka mahakama ya rufani. Richard Rives, yule wa mahakama ya rufani na mwandamizi wao, alimpa Johnson nafasi ya kusema kwanza, kama ilivyo desturi kwamba mdogo asitishwe na maoni ya mkubwa. Johnson hakuzunguka: ubaguzi ulioamriwa na serikali unavunja Katiba. Rives akakubaliana naye, jaji wa tatu, Seybourn Lynne, akapinga. Hukumu ikatoka Juni 5, 1956. Mahakama ya Juu iliithibitisha Novemba, na Desemba 21 watu weusi wa Montgomery wakapanda basi na kukaa walipotaka.

Tazama hapa jambo ambalo wanafunzi huliruka. Johnson hakuamka asubuhi akaamua kurekebisha mabasi. Jaji wa shirikisho hana uwezo wa kuita tatizo; tatizo lazima lije kwake likiwa kesi, lina mdai aliyeumia, lina mdaiwa, lina mawakili wa pande mbili. Kisha lazima aandike sababu. Mfalme haandiki sababu. Jaji wa wilaya akitoa amri ya zuio bila kueleza mambo aliyoyathibitisha na sheria aliyoitumia, amewapa majaji wa rufani karatasi ya kumpindua.

Na hupinduliwa kweli. Mwaka 1957 bunge la Alabama liliuchora upya mji wa Tuskegee. Mpaka uliokuwa mraba ukageuka umbo la pande 28, na wapiga kura weusi wapatao 400 wakajikuta wote, isipokuwa wanne au watano, wako nje ya mji wao. Profesa Charles Gomillion akaenda mahakamani. Johnson, huyohuyo wa mabasi, aliifuta kesi mwaka 1958 akisema mahakama haina uwezo wa kuliambia bunge la jimbo lichore vipi mipaka ya mji. Mwaka 1960 Mahakama ya Juu ilimpindua kwa kauli moja. Kesi ikarudi kwake, akaitii hukumu ya juu, na 1961 akaitangaza sheria ile batili. Ukiniuliza kitu kinachomzuia jaji asiwe mungu mtu, nitakuonyesha Tuskegee kabla sijakuonyesha kifungu chochote. Wapo waandishi wanaomsifu Johnson bila kuitaja kesi hii. Wanamwondolea sehemu ya maana sana ya kazi yake.

Turudi kwa Wallace. Mwishoni mwa 1958 Wallace alikuwa jaji wa mahakama ya jimbo, na Tume ya Haki za Kiraia ya Marekani ilitaka kuona madaftari ya wapiga kura yaliyokuwa mikononi mwake. Akatangaza hadharani kwamba hatayatoa, na anayekuja kuyachukua atafungwa. Johnson akamwamuru ayatoe. Usiku mmoja Januari 1959 Wallace alikwenda nyumbani kwa Johnson, rafiki wa chuoni kwa rafiki wa chuoni, akitafuta nafuu: apewe kifungo kifupi, kitamsaidia kisiasa. Johnson alimjibu kwamba akikaidi atapata kifungo kirefu kadiri sheria inavyoruhusu. Wallace akayapitisha madaftari kwa mlango wa nyuma, kupitia baraza la raia la uchunguzi, huku akiendelea kuwaambia watu kwamba hakusalimu amri. Johnson akaandika katika uamuzi wake kwamba madaftari yametolewa, kwa hiyo hakuna kosa la kudharau mahakama. Uamuzi huo ulimnyima Wallace ushahidi wa ushujaa aliokuwa akiutafuta, naye kwa miaka mingi akamwita Johnson mwongo na msaliti kwenye mikutano ya hadhara. Mwaka 1963 Wallace akawa gavana.

Ndipo inapoanza ile hofu unayoiulizia. Msalaba, ishara ya vitisho ya wabaguzi, ulichomwa moto nje ya nyumba ya Johnson. Barua za vitisho zikawa za kawaida, na walinzi wa shirikisho wakakaa nyumbani kwake kwa miaka. Kaburi la mwana wa Jaji Rives lilinajisiwa. Aprili 1967 bomu lilipasuka nyumbani kwa mama yake Johnson, Montgomery. Bibi huyo alikuwamo ndani, akanusurika bila jeraha, na wengi waliamini waliolitega walimkusudia mwanawe. Watu wa tabaka lake mjini walimpa kisogo. Yeye na mkewe Ruth walibaki na marafiki wachache na safari za kuvua samaki. Jaji wa Mahakama ya Juu anaamua akiwa Washington, mbali na wanaoshindwa. Jaji wa wilaya anaamua mchana, jioni anapanga foleni dukani na waliopoteza kesi mbele yake, au binamu zao. Ajira ya maisha ilibuniwa kumkinga na rais na Bunge. Mbele ya mji uliokasirika inamsaidia kwa njia moja tu: haumnyimi mshahara.

Naona umuhimu wa kusema pia kwamba hakuwa mwanaharakati aliyevaa joho. (Joho lenyewe mara nyingi hakulivaa, na nyundo hakuipenda, kwake, jaji anayehitaji vitu hivyo hajaimudu mahakama yake.) Mwaka 1961 wasafiri wa kudai uhuru, weusi kwa weupe waliopanda mabasi pamoja kupinga ubaguzi, walipopigwa kituoni Montgomery, Johnson aliwazuia kwa amri Ku Klux Klan, kundi la siri la wazungu wabaguzi, akawaamuru polisi wa mji watimize wajibu wao wa kuwalinda wasafiri, na katika uamuzi uleule akawazuia kwa muda waandaaji wa safari hizo. Kila upande ulitoka na jambo la kulalamikia.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa pia Machi 1965, kesi ambayo nakushauri uisome yote. Machi 7 polisi wa jimbo waliwapiga waandamanaji kwenye daraja la Edmund Pettus mjini Selma. Mawakili wa waandamanaji walikimbilia kwa Johnson wakitaka awazuie gavana na polisi wake wasiingilie maandamano mapya. Hatua yake ya kwanza iliwauma: aliwazuia waandamanaji wasitoke hadi asikilize ushahidi. Martin Luther King Mdogo akawaongoza watu hadi darajani Machi 9, wakasali, wakarudi. Johnson akasikiliza kesi siku kadhaa, mashahidi wakapanda, na filamu ya televisheni ya kipigo cha darajani ikaonyeshwa mahakamani. Machi 17 akatoa uamuzi. Tatizo la kisheria lilikuwa gumu kweli: barabara kuu ni ya magari, na hakuna mtu mwenye haki ya jumla ya kuiziba kwa siku kadhaa. Jibu lake lilikuwa kwamba ukubwa wa haki ya kuandamana upimwe kwa ukubwa wa dhuluma inayolalamikiwa, na dhuluma hii, watu kunyimwa kura kaunti kwa kaunti huku wakipigwa, ni kubwa mno. Lakini aliutaka mpango wa maandamano kwa maandishi, na sehemu ya barabara yenye njia mbili tu waandamanaji hawakuruhusiwa kuzidi 300. Machi 21 waliondoka Selma wakilindwa na askari wa shirikisho, na Machi 25 wakafika Montgomery, kilomita zipatazo 87, wakiwa maelfu kwa maelfu.

Wataalamu wengine waliikosoa kanuni ile ya kupima haki kwa dhuluma. Walisema ni hatari: je, kila mwenye kilio kikubwa apewe barabara? Hoja yao ina uzito, na mahakama za baadaye hazikuifanya kanuni hiyo kuwa nguzo. Mimi namwunga mkono Johnson kwa sababu moja. Alikuwa na ushahidi wa kaunti hizo mbele yake, uliosikilizwa kwa miaka katika kesi za uandikishaji wa wapiga kura, na hakuwa akikisia ukubwa wa dhuluma hiyo. Huyo ndiye jaji wa mahakama ya mwanzo anapofanya kazi yake: sheria yake imekaa juu ya ushahidi alioupokea mwenyewe.

Usiku wa Machi 25 Viola Liuzzo, mama kutoka Detroit aliyekuwa akiwasafirisha waandamanaji kwa gari lake, alipigwa risasi akafa. Mahakama ya jimbo ilimwachia huru mmoja wa washtakiwa. Mauaji yakiwa kosa la jimbo, serikali ya shirikisho ikawashtaki watu watatu wa Klan kwa kula njama ya kuwanyima watu haki zao, kwa sheria ya karne ya 19. Kesi ikaja kwa Johnson, Desemba 1965, mbele ya juri, yaani raia 12 wa kawaida wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia. Wote 12 walikuwa wanaume weupe. Walipomwambia wameshindwa kukubaliana, aliwarudisha chumbani wakajadili zaidi. Walitoka na hatia, na Johnson akawapa washtakiwa miaka 10, adhabu ya juu kabisa iliyoruhusiwa. Hapa napo uone mpaka wa mamlaka yake: katika kesi ya jinai iliyo mbele ya juri, jaji anasimamia sheria na adhabu, ila neno la hatia halitoki kinywani mwake.

Nisikupe picha ya kwamba kazi hii ni historia kila siku. Sehemu kubwa ni maombi madogo ya mawakili, kesi za dawa za kulevya, bima, mikataba, ajira, malalamiko ya wafungwa yaliyoandikwa kwa mkono. Ana ofisi ndogo, na ndani yake vijana mmoja au wawili waliotoka chuo cha sheria juzi, wanaokaa naye mwaka au miwili wakitafiti na kuandika rasimu. Kesi nyingi za madai huisha kwa suluhu, na za jinai kwa mshtakiwa kukiri. Majaji wengi husema sehemu nzito kuliko zote ni siku ya adhabu, kwa kuwa pale hakuna jopo la kugawana nalo. Upo peke yako, na mke wa mshtakiwa amekaa benchi la mbele.

Kesi ninayoiona kubwa kuliko zote za Johnson haina maandamano. Mwaka 1970 kodi ya sigara iliyotengewa hospitali za akili za Alabama ilipungua, na hospitali ya Bryce mjini Tuscaloosa ikawafukuza wafanyakazi 99. Wafanyakazi walishtaki, pamoja na wagonjwa, mmoja wao kijana Ricky Wyatt. Johnson aliwaambia wafanyakazi kwamba ajira zao si suala la mahakama ya shirikisho, lakini wagonjwa je? Bryce ilikuwa na wagonjwa wapatao 5,000, na waliobaki kuwatibu moja kwa moja walikuwa mwanasaikolojia mmoja mwenye shahada ya uzamivu, madaktari watatu wenye mafunzo kiasi ya magonjwa ya akili, na maofisa wawili wa ustawi wa jamii wenye shahada ya uzamili. Chakula cha mgonjwa kwa siku kilitumia chini ya senti 50. Johnson aliamua 1971 kwamba ukimfungia mtu ambaye hakutenda kosa, ukasema unamfungia umtibu, basi kutomtibu kunavunja haki yake ya kikatiba. Aliipa serikali muda ijirekebishe. Ilipokwama, 1972 akaorodhesha viwango mwenyewe: idadi ya wauguzi, vyoo, joto la vyumba, mpango wa tiba wa kila mgonjwa. Mwaka 1976 akafanya hivyo kwa magereza, na Wallace akapiga kelele kwamba jaji anataka kuwajengea wahalifu hoteli.

Je, jaji aamue idadi ya vyoo? Hapa ndipo wasiwasi wako una nguvu zaidi, na sitaupuuza. Hakupigiwa kura, na vyoo vinalipwa kwa kodi ya waliopiga kura. Lakini wagonjwa wa Bryce hawakuwa na mbunge aliyewajali, na wafungwa walionyimwa kura hawangepata wa kuwasemea milele. Johnson alisema kwa uwazi kwamba alipendelea serikali ifanye yenyewe, na mwenendo wa kesi unaonyesha aliisubiri. Kesi ya Wyatt ilifungwa Desemba 2003, miaka 33 tangu ifunguliwe. Muda huo peke yake unaonyesha mahakama inalipa gharama gani inapogeuka msimamizi wa hospitali.

Huenda pia unajiuliza kama jaji anaweza kuwa na haki ikiwa yeye mwenyewe ana upande katika maisha. Constance Baker Motley, wakili aliyekuwa ametetea kesi nyingi za kuvunja ubaguzi mashuleni, mwaka 1966 alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa jaji wa shirikisho, Manhattan. Mwaka 1975 alipangiwa kesi ya mwanasheria mwanamke dhidi ya kampuni kubwa ya mawakili, na kampuni ikaomba ajitoe, kwa kuwa ni mwanamke na amewahi kuwatetea waliobaguliwa. Alikataa. Ikiwa jinsia, rangi au kazi za zamani zinatosha kumwondoa jaji, alisema, basi hakuna jaji hata mmoja katika mahakama ile anayeweza kuisikiliza kesi hii, kwa sababu kila mmoja ana jinsia na rangi, na wengi walitoka katika kampuni za mawakili.

Mahakama hiyohiyo ya Manhattan inatuhusu sisi wa huku moja kwa moja. Baadhi ya waliotuhumiwa kwa mabomu ya Agosti 7, 1998 kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, yaliyoua watu 224, walihukumiwa pale. Mwaka 2001 Jaji Leonard Sand aliongoza kesi ya watu wanne, akiwamo Khalfan Khamis Mohamed wa Zanzibar. Wote walipata kifungo cha maisha. Mwaka 2010 ikaja zamu ya Ahmed Khalfan Ghailani, Mtanzania aliyekuwa ameshikiliwa na shirika la ujasusi la CIA, kisha katika gereza la kijeshi la Marekani la Guantanamo. Jaji Lewis Kaplan alimkataa shahidi muhimu wa serikali, mtu ambaye angesema alimuuzia mshtakiwa vilipuzi, kwa sababu serikali ilimjua kupitia mahojiano ya mateso. Juri ikamwona Ghailani hana hatia kwa makosa yote zaidi ya 280 isipokuwa moja. Kaplan akampa kifungo cha maisha kwa hilo moja. Wapo waliomkasirikia kwa lile la kwanza na wapo waliomkasirikia kwa la pili. Nawaelewa ndugu wa marehemu walioumia. Hata hivyo, naona jaji angekubali ushahidi uliotokana na mateso, hukumu ya kesi hiyo isingekuwa na heshima hata kwao.

Mwisho wa kazi huwaje? Jaji akifika miaka 65 na utumishi wa miaka 15 anaweza kuingia hadhi ya uandamizi: anaendelea kulipwa, anapunguza kesi, na nafasi yake inajazwa. Wengine hawaachi kabisa. Wesley Brown wa Kansas, aliyeteuliwa na Kennedy mwaka 1962, alifariki Januari 2012 akiwa bado jaji, umri wake miaka 104. Johnson, yeye, Rais Carter alimpendekeza 1977 kuongoza FBI, maradhi ya mshipa yakamlazimu ajitoe. Miaka miwili kabla ya hapo yeye na Ruth walikuwa wamempoteza mtoto wao wa pekee. Mwaka 1979 akapandishwa mahakama ya rufani, 1991 akawa mwandamizi, na alifariki Julai 1999. Jengo la mahakama la Montgomery sasa lina jina lake, katika mji uleule uliompa kisogo.

Kwa hiyo ungependa kujua kama ningeshauri ajira ya maisha iletwe huku. Hapana. Katiba ya Kenya inamstaafisha jaji akiwa na miaka 70, ya kwetu miaka 60 kwa Mahakama Kuu na 65 kwa Rufani, na ukomo si adui wa uhuru wa jaji. Adui ni mtu mwenye uwezo wa kuugusa mshahara wake au kumwongezea muda akimpenda.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi katika mfumo wa Marekani leo ni jingine. Kwa kawaida kesi hugawiwa majaji kwa bahati nasibu, lakini baadhi ya vituo, hasa katika miji midogo ya Texas, vina jaji mmoja tu. Mdai anayetaka kuzuia sera ya nchi nzima anafungua kesi pale akijua nani ataisikiliza. Machi 2024 chombo cha juu cha utawala wa mahakama hizo kilihimiza kesi za namna hiyo zigawiwe kwa nasibu katika wilaya nzima, bila kulazimisha. Juni 2025 Mahakama ya Juu, katika Trump dhidi ya CASA, ikabana uwezo wa jaji wa wilaya kutoa zuio linalovuka wadai waliopo mbele yake. Lakini kumbuka kwamba Johnson naye kwa miaka mingi alikuwa karibu peke yake katika wilaya yake, na mawakili wa watu weusi wa Montgomery walijua kesi yao itamwangukia nani. Tofauti kati ya hali hizo mbili, kama ipo, iko wapi? Wadai wa Johnson waliishi pale na dhuluma ilitendeka pale. Mimi naanzia hapo. Ukitaka mada ya utafiti wako wa mwaka wa nne, chukua hiyo, na uanze kwa kuisoma hukumu ya Williams dhidi ya Wallace ya Machi 1965, yaani ile kesi ya Selma, kuanzia ukurasa wa kwanza, ukihesabu ni kurasa ngapi zimetumika kwenye ushahidi kabla jaji hajaigusa sheria.